Kitufe cha Pili

Skola mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na ninyi mkianza kuimba hamjui kurudi nyumbani. Basi nimeiacha mashine ya kufuma, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la vipimo, nimekaa hapa mezani. Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea kuandika kifua, urefu wa mikono na rangi ya sweta la shule. Mambo ya moyoni haujawahi kuyaandika.

Kesho alfajiri basi, keshokutwa ndege, halafu India, miaka minne ya kusomea dawa. Sitakuandikia habari za kula wala kufua wala marafiki wa kuepuka. Hayo nimeyasema mwezi mzima, mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla sijafungua mdomo. Sweta nimeliweka chini kabisa ya begi. Ndiyo, umeshaniambia huko ni joto. Liache humo humo.

Nataka kukuandikia habari ya simu. Hii hii uliyoniwekea hapa mezani wiki tatu zilizopita. Kuna jambo nililokuficha tangu ukiwa mtoto wa mgongoni, na simu hii imenibana kona mpaka sina tena pa kukimbilia. Soma taratibu. Ukifika mahali ukanikasirikia, kasirika tu, ila usiache kusoma.

Nianze na kosa unalolijua, maana hilo angalau lilikuchekesha.

Siku ulipoileta ile ruta ulinieleza vizuri, mimi ndiye sikusikiliza. Ulisema intaneti inaingia kupitia kile kisanduku, kinaitawanya nyumba nzima. Mimi niliona kitu cheupe, kipya, chenye antena mbili zimesimama kama masikio ya sungura, nikajiambia kitu kama hiki hakikai wazi kikashikwashikwa na kila anayekuja kupimwa sweta. Ulipokwenda sokoni nikakiingiza kwenye kabati la vioo, katikati ya sahani zangu za harusi na lile sinia kubwa, waya nikaupitishia nyuma kwenye tundu la panya. Nikakifunika na kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe, nikafunga kabati kwa ufunguo. Nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Nilijisikia mama mwenye nyumba kweli kweli. Redio ya marehemu bibi yako ilifunikwa hivyo hivyo mpaka siku alipokufa.

Uliporudi, intaneti ikawa inakuja na kuondoka. Ukazima, ukawasha, ukasoma maelekezo, ukapiga simu kwa mtu, ukalala chini ukichungulia soketi. Mimi niko jikoni nasonga ugali, sina habari. Mpaka ukaiona ile taa ya kijani inamulika kwenye matundu ya kitambaa.

"Mama! Umeifungia kabatini? Na blanketi juu? Hiyo inahitaji kupumua!"

Ulicheka hadi ukakaa sakafuni. Nami nikacheka, lakini kwa ndani niliona aibu, maana nilikuwa nimefanya kwa mapenzi. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Kitu nikikipenda nakifunika, nafungia, naweka ufunguo mfukoni. Halafu nashangaa kwa nini hakifanyi kazi.

Kisha ukaniwekea simu yenyewe. Ulijua kwamba ile ya kioo haivisikii vidole vyangu. Miaka yote hii ya uzi na sabuni imevilainisha, nagusa mara tano haifunguki, mara ya sita inafungua picha za harusi ya watu nisiowajua. Ukanitafutia hii ya mezani, yenye vitufe vikubwa na mlio unaoshinda kelele za mashine yangu. Ukachomeka ule waya wa njano kwenye ruta, ukaandika nywila na namba nisizozielewa, ukaniambia hii haipiti kwenye nguzo wala kwenye laini ya kadi, inapita kwenye intaneti, kwa hiyo wewe ukiwa India na mimi nikiwa Katandala itakuwa kama uko chumba cha pili. Ukaenda chumbani kweli, ukanipigia. Nikapokea nikasema haloo kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, na nikakusikia kwenye simu na nyuma ya ukuta kwa pamoja. Ukaniambia hata nikimpa mtoto wa jirani nywila akaangalia mpira wake, umeipanga ruta ili sauti yetu ipite mbele na video zisubiri. Hilo lilinifurahisha kuliko yote. Angalau kuna mashine moja inayojua mama ni nani.

Pembeni mwa simu kuna vitufe vinne vyenye taa. Cha kwanza ukaweka jina lako, taa ikawaka kijani. Ukaniuliza, "Cha pili nani, mama?"

Nikasema, "Acha wazi."

Ukaniangalia kidogo. Nilidhani utauliza tena. Hukuuliza, nami nikashukuru na nikajichukia hapo hapo.

Halafu ikaja ile siku ya Muze.

Ulikwenda kumuaga shangazi yako. Ulisema ukifika utanipigia kujaribu simu ikiwa mtu yuko mbali. Mchana wingu likafunga upande wa bondeni, ngurumo zikaanza. Radi za kwetu unazijua. Watu wa mikoa mingine wanatutania nazo, sisi hatucheki. Nikafanya kama walivyofanya mama yangu na mama yake: nikachomoa kila kitu ukutani. Pasi, taa, televisheni, ruta, simu. Kioo cha ukutani nikakigeuza, kisivute radi. Na simu, kwa kuwa nilikuwa nimeshashika kitambaa mkononi, nikaifunika. Kisha nikaketi kwenye mashine yangu inayotumia mkono tu, nikafuma huku naimba, mvua inapiga bati. Kwa kweli nilikuwa na raha.

Ile nyingine ya mkononi ilikuwa chumbani, haina chaji. Hata sikuifikiria.

Ulitokea mlangoni jioni, umelowa chepechepe, tope mpaka kiunoni. Ulikuwa umepanda na bodaboda mlima wote ule kutoka Muze, barabara inateleza, kwa sababu gari la abiria lingechelewa. Ulisimama tu mlangoni unanitazama, na mimi na wimbo wangu mdomoni.

"Mama, nilidhani umekufa."

Ulikuwa umepiga mara kumi na saba. Uliniambia baadaye. Kila ukipiga unaona presha yangu, unaniona sakafuni, mlango umefungwa. Ukalia, Skola, msichana mkubwa wa kwenda India, ukalia kama ulivyolia siku ulipoungua na uji. Na mimi jibu langu nililokupa lilikuwa nini? "Mbona nilikuwa hapa hapa?" Tena kwa ukali, kama wewe ndiye mkosaji.

Nilikuwa hapa hapa. Neno hilo lilipotoka mdomoni nikakumbuka kwamba nilishawahi kuwa hapo hapo siku nyingine, na simu inalia, na sikupokea.

Ulipotulia ukanieleza kwamba simu hii umeme ukikosekana inakufa. Nikakubishia. Nikasema, "Ya kwa Baba Rozi ilikuwa inalia hata umeme ukikatika." Ukaniambia zile za zamani zilikuwa zinaletewa nguvu na waya wake kutoka kituoni, hii inategemea soketi yetu. Halafu ukauliza, "Baba Rozi ni nani?" Nikasema nakwenda kuinjika maji ya kuoga.

Sasa nakujibu.

Baba Rozi alikuwa na duka pale chini, palipo na saluni siku hizi. Ndiye pekee katika mtaa huu aliyekuwa na simu ya mezani. Alishahama siku nyingi. Jumapili baada ya misa ya pili, sisi tuliokuwa na watu mbali tulikaa kwenye benchi lake tukisubiri kuitwa. Simu ikilia, yeye anapokea, anaita jina, mwenye jina anaingia na wenzake wote wanasikiliza. Hapakuwa na siri benchi lile.

Baba yako alikuwa amekwenda Chunya kuchimba dhahabu. Wewe ulikuwa na miezi saba. Alipiga kila Jumapili, na kila Jumapili aliomba jambo moja: nikuweke karibu na simu akusikie. Wewe ukashika waya ukataka kuula. Yeye anacheka huko, benchi zima linacheka huku. Hizo zilikuwa siku zangu nzuri, sikufichi.

Kisha mama mmoja wa Msanzi, aliyekuwa anauza maharage kule machimboni, akaja na habari. Alimwona baba yako sokoni na mwanamke, mtoto wa yule mwanamke kambeba yeye mgongoni. Hakuniambia kwa siri. Aliniambia pale pale kwenye benchi, na watu wakaangalia miguu yao.

Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, Skola, mengine yote ni matawi yake. Ningeweza kuingia kwenye simu na kumwuliza, "Huyo mwanamke ni nani?" Sekunde tatu. Hata kumtukana ingefaa, maana anayetukanwa angalau anajibu. Mimi nilitaka aumie bila kujua kwa nini, ajisumbue akitafuta.

Jumapili iliyofuata simu ikalia. Baba Rozi akaita kwa furaha, "Mama Skola! Mwenyewe huyu!" Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwenye kaunta, wewe mgongoni. Nikasema kwa sauti ya juu, makusudi, ili iingie kwenye simu:

"Mwambie sipo."

Baba Rozi alinitazama, mkono wa simu hewani. Na wewe hapo hapo, sijui ni sauti yangu ilikushtua, ukaangua kilio. Nikatoka nje nikinyoosha shingo kama malkia. Nilijiona mwanamke shupavu kuliko wote wa Ufipa.

Nikarudi Jumapili ya pili. Unajiuliza kwa nini nilirudi kama sikutaka kuongea naye? Nilitaka simu ilie. Nilitaka nione anahangaika. Ikalia, nikasema sipo. Ya tatu, sipo. Ya nne, Baba Rozi hakuniita tena, alisema tu kwenye simu, "Ndugu yangu, anasema hayupo," na macho yake kanikazia mimi. Ya tano nilikaa kwenye benchi mpaka duka likafungwa. Haikulia.

Kuanzia siku hiyo nikasema baba yako ametutupa. Nilimwambia padre, nilimwambia bibi yako, na ulipopata akili ya kuuliza nikakuambia na wewe: aliondoka, akaacha kupiga simu, sijui alipo. Uliniuliza mara mbili tu katika maisha yako. Mara ya pili ulikuwa darasa la tano, ukaniona ninavyofuta macho, ukasema, "Basi mama, tusimwongelee." Ukanihurumia! Mtoto wa darasa la tano ananihurumia kwa uongo wangu mwenyewe, na mimi nikaipokea huruma hiyo kama haki yangu.

Yule mwanamke alikuwa mjane. Mume wake alikuwa akichimba pamoja na baba yako, udongo ukamwangukia. Wenzake walikuwa wanapokezana kumsaidia yeye na mtoto. Shangazi yako ndiye aliyeniambia, miaka miwili baadaye, amekuja toka Muze kwa ajili ya hilo tu. Unadhani nililia nikaomba radhi? Nilimwambia wifi yangu asilitaje jina la kaka yake tena mbele yako, la sivyo hatakuona. Kwa sababu nilishawaambia watu wote. Ningeanzaje kuzunguka mtaa mzima nikisema mwenye kosa ni mimi? Shangazi yako alikupenda, akanyamaza. Amenyamaza mpaka ile siku ya Muze.

Na kuna lingine. Alikuja. Ulikuwa darasa la tatu, uko shuleni. Nilitoka kuchota maji nikamkuta amesimama kando ya uzio, kofia mkononi. Nikamwambia mtoto amezoea, ana amani, usimvuruge. Akauliza kama angeweza kukuona kwa mbali tu, ukitoka shule. Nikakataa. Na yeye simtakasi, Skola; mwanaume mzima hakupaswa kukubali upesi vile, angekaa, angegoma, angemwita padre. Lakini aliondoka. Aliacha ule mkebe wa hesabu wa bati la bluu. Nilikuambia umetoka kwa shangazi. Uliupenda mpaka ukashika kutu, na nadhani mpaka leo umo kwenye droo yako.

Pumzika kidogo hapo. Kanywe maji.

Ile jioni ya mvua, ulipokwisha kuoga, ulinipa karatasi iliyokunjwa. "Shangazi amesema nikupe mkononi." Ilikuwa imelowa pembeni. Shangazi yako aliandika maneno machache: Wifi, mtoto anaondoka nchini. Kaka bado anauliza. Chini yake namba.

Nililala na karatasi ile chini ya mto siku nne. Wewe wakati huo ukawa unahangaika na simu. Ukaleta lile betri dogo, ukaliunganisha na ruta na simu, ukanionesha: radi ikianza chomoa ukutani kama unavyotaka, betri litaendelea kuziwasha kwa saa kadhaa. Hukunigombeza. Hukusema mama acha ushamba. Ulitafuta njia ya kuniacha na hofu yangu bila kunifungia nje. Nilikutazama umepiga magoti pale chini na waya mdomoni, nikasema huyu mtoto kajifunza wapi upole huu? Kwangu hapana.

Juzi ulikuwa nyuma ya nyumba unafua mashuka. Nikakaa hapa. Nikabonyeza namba moja moja kama ulivyonifundisha. Ikaita mara nne.

"Haloo."

Sauti ile ile, Skola. Imezeeka, ina kikohozi, lakini ni ile ile.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mama Skola."

Nikadhani intaneti imekatika, nikaangalia taa za ruta, zote zinawaka. Kisha akasema, "Ngoja. Ngoja kwanza nikae chini."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Nilikuwepo. Zile Jumapili zote. Nilikuwepo pale dukani."

"Najua," akasema. "Nilimsikia mtoto."

Miaka yote hiyo, mwanangu, alikuwa anajua. Na hapo hapo nikasikia kandambili zako mlangoni, nikakata simu. Hujaweka hata beseni chini, simu ikalia. Nikapokea. Akaniita kwa jina langu, lile ambalo hakuna aliyebaki wa kuniita. Na wewe umesimama pale, mikono ina povu, unaniangalia.

Nikasema, "Umekosea namba."

Ukauliza, "Nani huyo?" Nikakujibu, "Wamekosea namba tu." Ukarudi kwenye mashuka yako.

Yaani hata sikufikiria. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nilikaa hapa nikijiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nikakumbuka pia umesema simu hii inaweka kumbukumbu ya kila anayepiga, nikaogopa utaangalia. Mama mzima naogopa kukamatwa na mtoto kama mwizi wa sukari.

Jana ulipokwenda kuchukua viatu kwa fundi nikampigia tena. Nikamwomba radhi, kwa maneno, kila Jumapili kwa jina lake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Na ile siku ya uzio. Hakuniambia si kitu. Alisema, "Iliniuma sana." Nikasema najua. Akasema, "Hapana, hujui." Na ni kweli.

Yuko Chunya bado, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Yule mjane ndiye mke wake sasa. Wakati ule hakuwa, alikuja kuwa baadaye, mimi nilipokwisha kumfungia mlango. Wana vijana wawili. Kwa hiyo usianze kunitafutia gauni, sitafuti mume. Nilimwambia unakwenda India kusomea famasia, akacheka, kisha nikasikia anapenga kamasi. Akauliza sauti yako siku hizi ikoje. Nikamwambia unaimba sauti ya pili kwaya.

Akasema, "Mimi niliyonayo ni ile ya kulia tu."



Aliomba akupigie kabla hujaondoka. Nilimkatalia, na safari hii nakuambia nimekataa na sababu yake. Ningekupa simu ukiwa na begi mkononi, ungeongea kwa kuniridhisha mimi, au kwa kumhurumia yeye. Nimekuamulia tangu ukiwa mgongoni. Mara hii sitaki kukuamulia. Nilimwambia, "Nitamwandikia kila kitu. Ataamua mwenyewe, na akikataa, wewe na mimi tutavumilia."

Karatasi ya shangazi nimeibana kwa pini mwisho wa barua hii. Namba inasomeka, ila tarakimu ya mwisho imechujuka na mvua, ni saba.

Ulinionesha kwamba hata ukiwa India unaweza kufungua ukurasa wa simu hii, ukaandika jina na namba kwenye kitufe, na huku taa ikawaka. Ndivyo ulivyoweka jina lako, kwa simu yako ya mkononi, bila kuigusa hii. Basi cha pili bado kiko wazi, kama nilivyokuambia. Ukitaka kuongea naye, ongea naye kwa simu yako mwenyewe, kwa muda wako, mimi siko katikati. Na siku ukiona anafaa kuwamo nyumbani humu, mweke kwenye kitufe. Nikiona taa ya pili imewaka nitajua, huna haja ya kunieleza.

Usipomweka sitakuuliza. Hata mwaka upite. Jumapili utanipigia tutaongea habari za mitihani na wali wao wa pilipili, na sitakuuliza. Na ukitaka kunikasirikia mimi, hiyo ni haki yako, una sababu zaidi ya niliyokuwa nayo mimi kwa baba yako. Ninakuomba kimoja tu, na siombi kama mzazi, naomba kama mtu aliyeshafanya ujinga huu akaona mwisho wake: nikasirikie kwenye simu. Piga ugombe. Piga ulie, piga unyamaze nikusikie unavyopumua. Usiniadhibu kwa kuniacha nisikilize inavyoita. Najua kukuomba hivyo ni ukosefu wa haya kwa mtu kama mimi. Naomba hivyo hivyo.

Nakupenda, Skola. Sikukuambia mara nyingi, nilidhani masweta yanasema.

Naona wingu linafunga tena upande wa bondeni. Nimeshachomoa ukutani, betri linafanya kazi, taa zote zinawaka. Ruta iko juu ya kabati, wazi, inapumua. Kwa kile kitambaa nimekufungia kikombe chako ndani ya begi, chukua ukafunikie maji ya kunywa, huku hakina kazi tena.

Barua hii nitakupa leo ukirudi, mkononi, ukaisome chumbani kwako na mlango umeufunga. Sitabisha hodi. Chakula kitakuwa mezani, na mimi nitakuwa kwenye kiti hiki cha karibu na simu, kesho pia, na keshokutwa, na Jumapili zote. Ikilia, awe nani, nitapokea.

Nipo.

Mama yako